Waliniambia chipu imeungua: ATmega328P kwenye bredibodi

"Itupe, hiyo imeungua." Ndivyo nilivyoambiwa, tena na zaidi ya mtu mmoja, kuhusu ATmega328P yangu, chipu inayopokea programu, niliyoiweka kwenye bredibodi (ubao wa kuunganishia nyaya bila kulehemu) ili iwashe na kuzima taa kila sekunde. Haikuwa imeungua. Nilikosea tarakimu moja.

Upande wa umeme hauna maajabu: volti 5 kwenye pini ya 7 na ya 20, hasi kwenye ya 8 na ya 22. Usiiruke ya 20 eti hutumii analogi, lazima nayo ipate umeme. Kila jozi iwekee kapasita ya nanofaradi 100, miguu ikiwa mifupi. Anayekwambia taa moja haihitaji kapasita hajaona chipu inayojiwasha upya bila sababu. Pini ya 1, ya kuiwasha chipu upya, ivute juu (iunganishe na volti 5) kwa rezista ya kilo-omu 10. Taa nyekundu ya LED niliiweka pini ya 19 kupitia omu 330, kama miliampia 9 hivi. Pini hiyohiyo hutumika kuandikia programu, kwa hiyo taa ikimetameta wakati huo usishtuke. Na kama bredibodi yako ni ndefu, pima njia za umeme kwa multimita: nyingi zimekatika katikati.

Chipu mpya hutoka kiwandani ikitumia saa yake ya ndani ya megahezi 8, iliyogawanywa kwa 8, yaani inakwenda megahezi 1. Ukiipa programu iliyotengenezwa kwa megahezi 16, sekunde moja inakuwa sekunde 16. Basi hesabu hadi kumi na sita kabla hujaanza kung'oa nyaya. Kasi ya kuandikia nayo iwe chini ya robo ya kasi ya chipu, ndiyo maana kwenye avrdude, programu ya kompyuta ninayoandikia chipu, naweka -B 10 (mikrosekunde 10 kwa kila pigo).

Sasa kosa lenyewe. Nilitaka megahezi 8 kamili, kwa hiyo lfuse, fyuzi (mpangilio unaobaki ndani ya chipu hata umeme ukikatika) inayochagua saa, itoke 0x62 iwe 0xE2. Nikaandika 0xE0. Maana ya E0 ni kwamba chipu iache saa yake na ingojee mapigo kutoka nje, pini ya 9. Tangu hapo avrdude ikawa inasoma sifuri tupu badala ya 1E 95 0F, saini inayoitambulisha chipu hii. Nikachomeka kristali ya megahezi 16 kati ya pini ya 9 na ya 10, na kapasita mbili za pikofaradi 22. Kimya! Kumbe katika hali hiyo chipu haiitikisi kristali hata kidogo. Inataka mapigo yaliyokwisha tengenezwa.

Haya, mapigo nitayapata wapi? Arduino Uno, bodi ya majaribio inayokwenda megahezi 16, ilikuwa imelala pembeni. Taima 1 nikaiweka hali ya CTC (huhesabu hadi kikomo kisha huanza upya) bila kigawanyo, OCR1A, yaani kikomo chenyewe, ikiwa 7 (hesabu 8, kuanzia sifuri), na pini ya 9 ya bodi ikigeuka kila hesabu inapofika mwisho: 16 ÷ (2 × 8), megahezi 1 safi. Waya mmoja kutoka pini ya 9 ya Uno hadi pini ya 9 ya chipu (tisa kwa tisa, imesadifu tu), hasi zote zikiunganishwa pamoja. Bila hiyo hasi ya pamoja hupati kitu. Nikaendesha avrdude tena.

1E 95 0F.

"Maiti" ikajitaja jina. Nikaandika -U lfuse:w:0xE2:m, nikang'oa waya wa mapigo, nikapandisha programu upya kwa megahezi 8, taa ikawaka sekunde, ikazima sekunde. Siku hizi amri ya fyuzi nainakili kutoka kwenye faili. Siiandiki kwa vidole.