Talaka ilitoka, madeni yakabaki na majina mawili

Mtu akinipigia simu kuniambia ndoa yake inavunjika, namuuliza kwanza kuhusu watoto, kisha namuuliza mikopo ina saini ya nani. Wengine hukasirika, wanaona nimeleta habari za fedha msibani. Lakini wakati wa talaka madeni hukua upesi: kipato kilichokuwa kikiendesha nyumba moja sasa kinaendesha mbili, wakili anataka chake, na wawili waliokuwa wakikumbushana tarehe ya marejesho hawasemezani tena.

Sisi tulikuwa na mkopo wa nyumba tuliosaini wote, mkopo wa gari wa mume wangu ambao mimi ndiye niliyekuwa mdhamini, kadi ya mkopo kwa majina yetu wawili, mkopo wangu wa mshahara, na fedha tulizokopeshwa na wifi yangu kwa maneno matupu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga yalikuwa yamefika, na kila mmoja anamtazama mwenzake atoe yeye.

Kabla ya kubishana nani alitumia nini, niliomba taarifa kwa kila anayetudai. Aliyesaini mkopo ana haki ya kupewa taarifa yake, hata kama barua zote huenda kwa mwenzake. Nikachukua karatasi nikaandika kila deni: salio, riba, nani alisaini, dhamana ni nini, na mwezi mmoja ukiruka nini kinatokea. Hilo la mwisho ndilo lililonipangia foleni. Mkopo wa nyumba ukilegalega, unaweza kuishia kwenye mnada. Kadi ikichelewa, riba na adhabu zinapanda, lakini hakuna anayekuja kukutoa ndani. Kwa hiyo linalogusa paa la watoto lilitangulia, halafu lenye riba kali. Kuna wanaoshauri uanze na deni dogo ili upate moyo. Mimi moyo niliupata kwa kujua kwamba hakuna atakayebandika tangazo mlangoni kwangu.

Lililobadilisha kila kitu lakini ni mazungumzo ya benki. Nilikwenda na rasimu ya makubaliano yetu: mume atalipa mkopo wa nyumba, mimi nitalipa kadi. Afisa mikopo, kijana mwenye adabu zake, aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia. Kisha akafungua mkataba wa mkopo ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chini ya saini zetu.

“Mama, hayo mliyokubaliana ni yenu wawili. Sisi tunafuata huu.”

Akanionyesha kifungu kinachosema wakopaji wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Si nusu kwa nusu. Mmoja akishindwa, benki inaweza kumdai mwingine deni lote mpaka senti ya mwisho.

“Na hakimu akiamuru alipe yeye?”

“Asipolipa tutakufuata wewe, mama. Halafu wewe utarudi kwa hakimu umdai yeye.”

Hapo nikaelewa kwamba kugawana madeni kwenye karatasi ya talaka ni ahadi ya mtu ambaye tayari tumeshindwana. Mwanasheria wangu alithibitisha, akaongeza kuwa sheria hutofautiana nchi na nchi: kwingine hata deni alilosaini mmoja, kama lilitumika kwa mahitaji ya familia, huhesabiwa la wote. Basi kuanzia siku hiyo sikujadili tena nani atalipa nini. Nilijadili deni gani linakufa kabisa kabla ya talaka kutoka, na lile lisiloweza kufa, jina langu linatokaje.

Njia hazikuwa nyingi. Kuuza mali na kulipa. Mmoja kuchukua mkopo mpya kwa jina lake peke yake ili ule wa zamani ufungwe. Au benki ikubali kwa maandishi kumwachia mmoja wenu, na hapo itapima kwanza kama kipato cha anayebaki kinabeba marejesho bila msaada. Cha mume wangu hakikubeba. Changu nacho hakikubeba.

Nyumba ndiyo iliyoniumiza kichwa. Mama yangu alisema nisikubali kutoka, nyumba ni heshima ya mwanamke. Mume wangu naye akaja na pendekezo lililosikika la ukarimu: mimi nibaki na nyumba, yeye abaki na akiba yake ya uzeeni yote. Ukisikiliza harakaharaka, unapewa kitu kikubwa. Nikakaa na kalamu. Thamani ya nyumba si ile bei inayotajwa na madalali. Ni bei hiyo ukitoa salio la mkopo, gharama za kuuza na kodi kama ipo. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko akiba yake. Tena akiba inakaa na kuzaa, wakati nyumba kila mwezi inataka marejesho, bima, bomba limepasuka, bati limevuja. Nilipotoa marejesho na bima kwenye mshahara wa mkononi, zaidi ya nusu iliondoka kabla sijanunua daftari la mtoto. Nilikataa. Mama hakunisemesha kwa muda, na mpaka leo anaamini nilidhulumiwa.

Tukauza. Niling'ang'ania jambo moja katika makubaliano: fedha za mnunuzi zisipite mikononi mwetu kwanza. Zilikwenda kumaliza mkopo wa nyumba, zikamaliza kadi, ndipo kilichobaki kikagawanywa. Mume wangu alitaka tugawane kwanza halafu kila mtu alipe sehemu yake ya kadi. Sikumwona mwizi, ila nilikwisha kusoma ule mkataba.

Gari lilikuwa kitendawili kingine. Udhamini haufi kwa sababu ndoa imekufa. Mdhamini hubaki mdhamini mpaka deni liishe au mkopeshaji amwachie kwa maandishi. Wakili wangu akapendekeza sehemu ya mgawo wa mume wangu, inayolingana na salio la mkopo wa gari, ishikiliwe kwenye akaunti ya wateja ya mawakili, ile wanayotunzia fedha za watu, mpaka mkopo huo ulipwe au apatikane mdhamini mwingine. Mume wangu alilalamika sana, akasema namfanya mtoto. Lakini fedha zilipokaa pale bila yeye kuzigusa, akaona afadhali amalize mkopo. Barua ya kunitoa kwenye udhamini ilikuwa na mistari michache tu. Nina nakala zake mpaka kwenye simu.

Wakati hayo yanaendelea, ilibidi kuziba matundu. Kadi ya pamoja ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwenzako akiamua kufanya manunuzi ya hasira, unadaiwa wewe pia. Niliandika barua benki kadi isimamishwe kwa matumizi mapya huku tukilipa salio, na akaunti ya pamoja itoe fedha kwa saini mbili tu. Mshahara wangu nikauhamishia akaunti yangu mwenyewe. Sikuikomba akaunti ya pamoja, ingawa rafiki yangu mmoja alinihimiza sana niwahi kabla mume hajawahi. Hakimu akiona umehamisha fedha kinyemela, utakuwa na kazi ya kujieleza kuanzia siku ya kwanza.

Mkopo wa mshahara ulikuwa wangu peke yangu, na ndio ulionikaba. Nilikwenda kuomba upangwe upya kabla sijaruka hata mwezi mmoja. Ukienda mapema unakuta mtu wa kuzungumza naye. Ukienda baada ya kuchelewa unakutana na kitengo cha kukusanya madeni. Wakaniongezea muda, marejesho yakapungua. Bei yake inajulikana: muda ukirefuka, jumla ya riba inaongezeka. Niliikubali kwa macho makavu, kwani nilichohitaji wakati ule ni kupumua mwezi kwa mwezi.

Nilichokataa ni mikopo ya papo kwa papo. Ujumbe wake hauishi kwenye simu, na utafikiri wanajua siku ulipotoka mahakamani. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini deni hilo likizungushwa mwaka mzima bila kulipwa, riba juu ya riba, linafika zaidi ya mara 3 ya ulichokopa. Mkopeshaji mwingine akanishawishi niunganishe madeni yote kwa “asilimia 10 tu kwa mwaka”. Nikamuuliza riba inapigwa kwenye nini. Ilikuwa inapigwa kwenye kiasi cha mwanzo mpaka mwisho, hata ukiwa umelipa karibu lote. Kwa mkopo wa mwaka 1 unaolipwa kila mwezi, hiyo ni sawa na karibu asilimia 18 kwa hesabu ya salio linalopungua. Mkopo wangu wa mshahara ulikuwa nafuu kuliko huo uliokuja kuniokoa.

Gharama za wakili nazo hugeuka deni usipoangalia, maana kila simu na kila barua ina bei. Nilikusanya maswali yangu nikawa nauliza kwa mkupuo. Makochi na friji tuligawana wenyewe mbele ya mpatanishi, kwa sababu mawakili wawili wakiandikiana barua kuhusu friji, friji itakuwa imeshalipiwa mara mbili.

Matunzo ya watoto mahakama iliamuru, lakini kwenye bajeti yangu niliyaandika sifuri. Yakiingia, yanakwenda ada. Yasipoingia, kodi ya nyumba haitikisiki. Miezi mingine huingia kwa wakati, mingine huchelewa, na nimeacha kumpigia simu baba yao. Ninahifadhi kumbukumbu, mahakama ndiyo itakayomuuliza.

Deni la wifi halikuwa na karatasi, kwa hiyo halikuwamo mahakamani. Mume wangu alisema huyo ni dada yake, tumwachie yeye. Sikukubali, maana zile fedha ziliezeka nyumba tuliyouza. Nikamwandikia wifi nusu yangu, tukasaini, na ninamlipa kupitia benki huku nimeandika sababu ya malipo kila mara.

Baada ya nyumba kuuzwa niliomba taarifa yangu ya mikopo, ile rekodi ya madeni ambayo wakopeshaji huitazama, nikakuta mkopo wa nyumba bado unasomeka kuwa ninadaiwa. Nilipeleka barua ya benki ya kumaliza mkopo, nikafuatilia mpaka ikasahihishwa. Uliobaki ni ule wa mshahara. Kipato kilipotulia nikauliza kama kuna adhabu ya kulipa kabla ya muda. Haikuwepo, kwa hiyo sasa naongeza kidogo juu ya marejesho kila mwezi, na nimewaambia kwa maandishi nyongeza hiyo ipunguze deni lenyewe, isihesabiwe marejesho ya mwezi ujao.