Siku moja maishani mwangu: siku tuliyochomoa waya

Saa 12:45 asubuhi

Kitu cha kwanza ninachokitazama kila asubuhi, hata kabla ya chai, ni grafu za usiku. Ninafanya kazi kwa mtoa huduma za intaneti, upande wa seva. Watu wengi wakifikiria kampuni ya intaneti huona minara, nguzo na faiba. Sisi tunashughulika na vitu ambavyo mteja havioni mpaka siku vikosekane: seva za DNS zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, RADIUS inayopokea jina na nywila ya mteja na kuamua aingie au asiingie, DHCP inayogawia vifaa anwani zao za mtandao, barua pepe, mfumo wa ankara, na hizo grafu zenyewe.

Kwa miaka mingi kila huduma ilikuwa na sanduku lake la chuma. La DHCP lilikuwa linakula umeme saa 24 huku prosesa yake imelala, na la ankara lilikuwa linazidiwa kila mwisho wa mwezi. Likiharibika moja, huduma nzima inasimama mpaka mtu apatikane na kipuri kipatikane. Ndiyo maana tunajenga klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja: seva tano, tunaziita nodi, zinazobeba mashine pepe za huduma zote (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva halisi), na moja ikianguka zilizobaki zinapokea mzigo wake. Nodi nne zilikuwa zimeshasimama. Leo tulikuwa tunaingiza ya tano, kisha tuchomoe waya.

Saa 2:15 asubuhi

Nodi ya tano ilipanda kwenye raki tukiwa watatu, mimi, mwenzangu wa zamu na kijana wa mafunzo. Ina pawasaplai mbili, kila moja kwenye njia yake ya umeme. Kebo mbili za mtandao wa diski zinakwenda kwenye swichi mbili tofauti, na nyingine mbili ni za huduma zenyewe. Kila kebo ina lebo ncha zote mbili. Lebo nazichukulia kwa uzito sana, maana atakayezisoma saa 9 usiku atakuwa na usingizi na simu sikioni.

Kijana aliuliza kama mashine pepe ni mambo ya juzi. Nikamwambia IBM walikuwa wakigawa kompyuta moja kubwa kuwa nyingi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatoa VM/370. Kwenye seva za kawaida mambo yalifunguka Intel na AMD walipoweka uwezo huo ndani ya prosesa, 2005 na 2006, kisha KVM, programu ya kuendesha mashine pepe, ikaingia kwenye keneli, yaani kiini, cha Linux mwaka 2007. Sisi tunatumia KVM hiyohiyo kupitia Proxmox, programu ya kusimamia klasta, na diski za nodi zote zinaunganishwa na programu nyingine, Ceph, kuwa ghala moja la data.

Nodi hii ina prosesa mpya kuliko zile nne, na hapo pana mtego. Ukiiachia mashine pepe ione kila uwezo wa prosesa mpya, siku ukiihamisha kwenda nodi ya zamani ikiwa inafanya kazi, inaweza kuomba amri ambayo prosesa ya huko haiijui, na ikaanguka. Kwa hiyo zote tunazionyesha prosesa ya aina moja, ile ambayo nodi zote tano zinaimudu. Tunapoteza kasi kidogo, lakini tunabaki na uhuru wa kuhamisha mashine kwenda popote.

Hesabu ya memori ilikuwa fupi. Nodi tano zenye GB 512 kila moja ni GB 2,560, lakini ukiondoa moja zinabaki 2,048, na hapo ndipo dari yetu ilipo. Ndani ya hizo Ceph nayo inataka sehemu yake, kwa kawaida GB 4 kwa kila diski. Prosesa naweza kuigawa zaidi ya ilivyo, kwa kuwa si mashine zote zinafikiri kwa wakati mmoja. Memori siigawi nisiyo nayo.

Saa 3:40 asubuhi

Tulipoiingiza nodi kwenye klasta, Ceph ilianza kuhamishia data huko kama inavyotakiwa. Baada ya muda diski za nodi mpya zikaanza kutangazwa zimekufa, kisha ziko hai, kisha zimekufa tena. Nikasimamisha uhamishaji kwanza, ndipo tukaanza kutafuta.

Mwenzangu akajaribu pingi, ujumbe mfupi wa kupima kama mashine ya upande wa pili inajibu, akasema, "Kaka, pingi inajibu vizuri kabisa."

"Ya baiti ngapi?"

Akanyamaza kidogo, akaelewa. Mtandao wa diski tumeupangia pakiti za baiti 9,000. Pingi ya kawaida ni ndogo, inapita hata kwenye tundu la sindano. Tukatuma ya baiti 8,972, ambayo pamoja na vichwa vyake vya baiti 28 inafika 9,000 kamili, tukakataza isikatwe vipande. Kutoka nodi mbili ilipita. Kutoka nodi nyingine mbili ilipotea bila neno.

Hapo jibu lilikuwa limejitokeza lenyewe. Kebo zile mbili zimefungwa kuwa njia moja, na kila jozi ya nodi huangukia kebo mojawapo kwa hesabu ya anwani zao. Kama nusu inapita na nusu inapotea, basi kebo moja ni nzima na nyingine ina kasoro. Kwenye swichi ya pili, tundu la kebo ya nodi mpya lilikuwa limebaki na kikomo cha baiti 1,500. Tulirekebisha kwa mstari mmoja, na diski zikatulia.

Kosa hili lingekuwa limejificha kwenye kila tundu jipya kama tusingelitafutia dawa, kwa hiyo pingi ya 8,972 kutoka kila nodi kwenda kila nodi sasa ni sehemu ya ukaguzi kabla nodi yoyote haijapewa kazi.

Saa 5:30 asubuhi

Kikao na watu wa mtandao, mbele ya ubao mweupe. Nilikuwa nimekisubiri kwa wiki nzima. Swali lilikuwa moja tu: umeme wote ukikatika na betri zikaisha, kisha ukarudi, nini kinawaka kwanza?

Tulichora mishale ya nani anamtegemea nani. Ndani ya nusu saa ubao ukatuonyesha mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Nodi zilikuwa zinauliza majina kwa DNS, na DNS tulikuwa tunaipeleka ndani ya nodi hizohizo. Zilikuwa zinachukua saa kutoka seva ya muda, ile inayotunza saa sahihi, ambayo nayo ni mashine pepe, na Ceph hulalamika saa za wasimamizi wake zikipishana zaidi ya sekunde 0.05. Wahandisi wanaingia kwenye swichi kwa kuidhinishwa na RADIUS, kwa hiyo klasta ikilala hawawezi kuingia kwenye swichi ili waiamshe klasta. Nywila za dharura nazo ziko kwenye mfumo wa kutunza nywila. Mfumo huo unakaa wapi? Ndani ya klasta.

Kila kimoja peke yake kinaonekana sawa, na kwenye mchoro wa huduma kinapendeza. Lakini ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Mimi naamini hatari kubwa ya kukusanya kila kitu kwenye klasta iko hapa kuliko kwenye vyuma. Chuma kikifa kinapiga kelele, lakini mduara wa namna hii unakaa kimya miaka mpaka usiku mmoja umeme ukatike.

Tulikubaliana kwamba nodi zijuane kwa anwani zilizoandikwa ndani yake, bila kuuliza DNS. DNS moja ya ndani, RADIUS moja na seva ya muda zitabaki kwenye chuma, nje ya klasta kabisa. Kila swichi itakuwa na akaunti yake ya dharura, na nywila zake zitaandikwa kwenye karatasi ndani ya sefu. Mpangilio wa kuwasha utabandikwa ndani ya mlango wa raki.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama.

Saa 8:00 mchana

Klasta ilikuwa bado haijabeba mteja hata mmoja, na tulikuwa tumeshaweka ndani yake nakala za huduma zenye maswali ya bandia. Nodi ya pili ilikuwa na mashine pepe 14. Nikashika waya wa kwanza wa umeme, mwenzangu wa pili, tukavuta pamoja. Feni zikanyamaza.

Kisha ukaja ukimya ambao kila anayejenga kitu hiki lazima auvumilie. Klasta haikimbilii kuwasha mashine kwingine, kwa sababu nodi iliyonyamaza inaweza kuwa imekufa, au imekatika mtandao tu na bado inaandika kwenye diski. Mashine moja ikiwaka mara mbili juu ya diski moja, data inaharibika. Huwezi kurithi mali ya mtu ambaye bado anapumua. Kwa hiyo nodi iliyotengwa na wenzake inapaswa kujizima yenyewe, na wale waliobaki, wakiwa wengi zaidi ya nusu, wanangoja muda huo upite ndipo wachukue mzigo. Kwetu ilikuwa kama dakika mbili.

Mashine zote 14 ziliamka. Data haikupotea, kwani Ceph ina nakala tatu za kila kipande kwenye nodi tatu tofauti. Lakini kijana wa mafunzo, aliyekuwa akitazama skrini ya DNS, aliita: "Mbona zote mbili zilinyamaza?"

Tulikuwa na seva mbili za DNS ili moja ikilala nyingine ijibu. Asubuhi, nilipoiondolea mzigo nodi nyingine ili nipange kebo, zote mbili zilikuwa zimehamia nodi ya pili. Hakuna sheria iliyowakataza kukaa pamoja. Mimi ndiye niliyepaswa kuiandika.

Dada mmoja wa timu ya mtandao akasema kwa upole, "Kwa dakika hizo mbili mteja hatapiga simu kusema DNS imelala. Atasema intaneti imekatika." Ni kweli kabisa. Nyaya ziko sawa, ruta ziko sawa, na mtu nyumbani haoni chochote. RADIUS ikilala ina huruma kidogo, maana waliokwisha kuingia wanaendelea, ila wapya ndio wanakwama. DNS haina huruma hiyo.

Niliandika sheria hapohapo: DNS hizi mbili kamwe zisikae nodi moja, na vivyo hivyo RADIUS mbili. Nodi tuliiacha imezimwa zaidi ya dakika 10 makusudi, kwa kuwa baada ya muda huo Ceph inaihesabu imeondoka na kuanza kutengeneza nakala upya. Tulitaka kuona kama huduma zitapungua kasi kazi hiyo ikiendelea. Zilipungua kidogo, kwa kiasi kinachovumilika.

Saa 10:20 jioni tukachomoa tena. Safari hii DNS moja ilinyamaza, nyingine ikajibu kila swali.

Saa 11:30 jioni

Nilirejesha bakapu ya mfumo wa ankara kwenye mashine tupu, nikahakikisha inafunguka. Bakapu zetu ziko kwenye seva ya pekee, jengo jingine. Snapshoti, yaani picha ya data ya wakati fulani, iliyo ndani ya ghala lilelile siiti bakapu.

Saa 7:00 usiku

Muda wa matengenezo. Wateja wanapewa anwani mbili za DNS. Usiku huu tulihamisha ya pili tu. Tuliiondoa anwani kwenye sanduku la zamani, tukaipa mashine pepe. Maswali ya kwanza yalikwenda polepole, kwani akiba ya majibu ilikuwa tupu na kila jina lilikuwa linatafutwa kuanzia mwanzo. Baada ya dakika chache mstari wa grafu ulianza kupanda, majibu mengi zaidi yakitoka kwenye akiba.

Kisha, ikiwa inajibu wateja wa kweli, nikaihamisha kutoka nodi ya kwanza kwenda ya tano. Memori yake ilinakiliwa huku inafanya kazi, kurasa zilizobadilika zikanakiliwa tena na tena mpaka zilipobaki chache, ikasimama kufumba na kufumbua, ikaendelea upande wa pili. Sote watatu tulikuwa tumeikodolea macho hesabu ya maswali yasiyojibiwa. Ilibaki sifuri.

Saa 9:10 usiku niliandika kwenye daftari la zamu: DNS ya pili iko kwenye klasta, nodi ya tano. Sanduku la zamani limeachwa limewashwa siku saba. Kabla ya kutoka nilibandika karatasi ya mpangilio wa kuwasha ndani ya mlango wa raki, kwa gundi, pande zote nne.