Akiugua

Jana jioni nilikuwa nachambua omena za Kibuye, natenga pembeni zilizovunjika, Neema akaja na daftari. "Mama, nimepiga hesabu ya mbwa. Angalia kama kuna kitu nimesahau."

Nikatazama kile kifungu cha omena zilizovunjika. Miaka sita sina mbwa, na mkono bado unamtengea chakula.

Wengine mnamkumbuka Bosco. Tulipewa bure Juni 2019, hapa hapa Manyatta, Kisumu, na jirani ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Hilo neno bure lilinipumbaza. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha: unga wa posho, omena zilizovunjika, dawa ya minyoo, mabati mawili ya kibanda. Chanjo niliyoijua ni ile ya kichaa cha mbwa, na nilikuwa nimesikia kwamba mara nyingine hutolewa bure mwezi wa Septemba, karibu na siku ya kimataifa ya tarehe 28. Nikasema tutangoja Septemba.

Kumbe kuna nyingine, ya parvo, kirusi kinachoshambulia utumbo wa mbwa. Huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16, maana kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizima chanjo ya mwanzo. Haya nilielezwa na daktari wa mifugo Bosco akiwa tayari amelazwa mezani, ametapika na kuharisha damu tangu alfajiri. Dawa ya kuua kirusi hicho hakuna, aliniambia. Ni kumwekea dripu, kuzuia matapishi, kumkinga na bakteria, halafu kuuachia mwili wake upigane.

Shilingi 1,500 kwa siku. Siku ya kwanza nililipa. Ya pili nikalipa.

Siku ya tatu jioni ndiyo hainitoki. Chupa ya dripu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya dirisha, nami nimeushika mguu wa Bosco pale uliponyolewa manyoya, asije akavuta mrija. Mguu wenyewe ulikuwa mwembamba, naogopa hata kuubana. Tone. Tone. Nje, makanga wa Kondele walikuwa wanaita abiria wa Kakamega. Bosco alikuwa hajatapika tangu saa nane mchana. Daktari, kijana mpole, akachuchumaa karibu nami. "Mama Neema, tuendelee kesho? Anaweza kupona, anaweza asipone. Siwezi kukudanganya."

Kwenye simu nilikuwa na 2,300. Elfu mbili zilikuwa karo ya Neema ya Jumatatu. Bosco akafumbua macho, akanilamba kidole gumba mara moja, ulimi mkavu kama msasa. Nilihesabu matone mpaka 40. Kisha nikasema, "Nitaenda naye nyumbani."

Usiku kucha nilimtilia mdomoni maji ya chumvi na sukari kwa bomba la sindano, kidogo kidogo. Alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri. Tulimzika, tukachoma matandiko yake, tukaosha sakafu kwa dawa ya klorini, kwa kuwa daktari alikuwa ameonya kwamba kirusi hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Neema, aliyekuwa na miaka saba, nilimwambia daktari alifanya yote aliyoweza. Ni kweli. Niliyesimamisha matibabu ni mimi.

Karo ililipwa. Mama mkwe alisema nilifanya sawa, mtoto kwanza, na mchana huwa nakubaliana naye. Usiku nakumbuka kwamba alikuwa ameacha kutapika.

Daftari la Neema limepangwa kuliko bahasha yangu. Chakula cha mwezi. Chanjo ya parvo, mara tatu. Ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Dawa ya kupe. Mstari wa chini kabisa umeandikwa "Akiugua", na mbele yake hakuna kitu.

"Hapo ndipo sijui niweke ngapi," akasema.

Nikachukua penseli, nikaandika 6,000. Nikafuta. Nikaandika 10,000, nayo nikaifuta. Kisha nikamwambia avute kiti akae. Sinia la omena lilikuwa bado nusu.