Nilivyofuma skafu kijiweni Mtwara na joto lote hili

Mdogo wangu wa kike alipangiwa kidato cha tano Makete. Sisi huku Mtwara baridi yetu ni ule upepo wa kusi wa mwezi wa sita na wa saba, ukitia shati la mikono mirefu umemaliza, lakini kule Makete kuna asubuhi watu wanaamka wanakuta barafu kwenye majani. Sweta alishanunuliwa, nkasema ngoja nimfumie skafu mwenyewe, maana zimebaki wiki tatu asafiri, na mimi ni wa bodaboda, mchana abiria hamna, nakaa tu kijiweni nasikiliza mabishano ya mpira.

Kufuma nilikuwa sijui kabisa, naongea ukweli.

Nkaanza na spoku mbili za baiskeli, nimeomba kwa fundi, nkazisugua ncha kwenye zege. Nimekulia kuona akina mama wanafumia hizo hizo. Tatizo spoku ni nyembamba na uzi niliochukua sokoni ni mnene, vitanzi vinabana mpaka vinalia, halafu na hewa yetu hii ya chumvi pamoja na jasho la mikono, siku ya nne naona alama za kutu kwenye uzi. Uzi wenyewe wa kijivu cha kuelekea nyeupe. Nkatupa.

Na hicho kipande cha kwanza nilifuata video, nimeunguza bando karibu lote, dakika kumi zimepita ndo nagundua yule mama wa kwenye video ni wa shoto! Nkajipindapinda hivyo hivyo nkafuma, mstari mmoja mbele (kitanzi kinalala laini upande wako), mstari unaofuata nyuma (kitanzi kinaacha kipunje upande wako), kwa macho inavutia, laini kabisa, ila nikiiachia tu inajikunja pembeni kama mkeka unaokunjwa jioni. Nkadhani nimekosea. Kumbe ufumaji wa hivyo ndo tabia yake, lazima ujikunje.

Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna bibi, zamani alifundishwa kufuma na masista kule Ndanda. Nkaenda jioni, shikamoo bibi, marahaba mume wangu, leo umenikumbuka? Nkamwonyesha ule mkeka wangu. Kacheka mpaka akakohoa. Akasema kwanza tafuta mwanzi, chonga sindano unene wa mrija wa juisi, sugua na msasa mpaka isikwaruze, paka mafuta ya nazi kidogo futa kabisa. Halafu weka vitanzi thelathini na moja, mbele moja nyuma moja, kila mstari uanze na mbele, basi.

Mi nkaweka 30. Niliona ndo namba iliyonyooka, hiyo moja ya nini. Mistari kumi baadaye naona kitambaa kimejipanga mbavu za wima, kinavutika kama mdomo wa soksi, wakati bibi aliniambia kitatoka punje punje kama mchele uliomwagwa kwenye ungo. Nikarudi. Hata hakuangalia sana, akauliza tu, umeweka vingapi? Ndo akanielewesha, ukiwa na 30 mstari unaishia na nyuma, ukigeuza kitambaa ile nyuma kwa upande wako sasa ni mbele, na wewe unaanza na mbele, kwa hiyo mbele inakaa juu ya mbele, ndo mbavu hizo. Ukiwa na 31 mstari unaishia na mbele, ukigeuza unakutana na kipunje, unaweka mbele juu yake, zinapishana, punje zinatoka. Yaani kitanzi kimoja tu!

Nkafumua yote.

Akanipa na kitu ambacho kwenye video sikukisikia, acha kuhesabu kichwani, tazama kitambaa. Ukikuta kipunje kinakutazama, fuma mbele. Ukikuta pamelala laini kama kimshale, fuma nyuma. Fanya kinyume cha unachokiona. Hapo ndo nkaweza kufumia kijiweni, mteja akija naacha katikati ya mstari, nampeleka zangu Shangani narudi, naangalia kitanzi cha mwisho naendelea bila kujiuliza nilifika wapi. Washkaji walinicheka siku mbili, ya tatu mmoja ananiuliza kama naweza kumfumia kava la siti.

Kosa lililonitesa zaidi ni uzi. Ukifuma nyuma uzi uje upande wako wa sindano, ukienda kufuma mbele uurudishe upande wa pili, ukisahau unapanda juu ya sindano unakuwa kitanzi cha bure. Usiku mmoja umeme umekatika (gesi ya kuzalisha umeme iko hapo Msimbati lakini tochi ya simu ndo rafiki yetu), nafuma gizani najiona bingwa, asubuhi nahesabu nakuta 38. Skafu imetanuka kama mkia wa samaki. Toka siku hiyo kila nikimaliza mstari nahesabu kwanza.

Na punje zinakula uzi, jamani. Nilinunua madonge matatu, nimebakiza nusu donge skafu ndo kwanza ina mita moja na kidogo. Nkarudi dukani, rangi ni ile ile kwa jina lakini nikizilaza pamoja la jipya limepauka kidogo. Bibi akasema fuma mistari miwili la zamani, miwili jipya, mpaka la zamani liishe. Ukitazama haraka huoni mpaka.

Kupiga pasi sikutaka kubahatisha, nkajaribu pasi ya mkaa kwenye kile kipande cha kutu, kikalala bapa kikang'aa kama plastiki, maana si sufu ya kondoo ile. Skafu yenyewe nkafua maji baridi nkaitandaza kwenye jamvi kivulini.

Kufunga mwisho nilibana sana, upande mmoja ukawa mwembamba kuliko mwingine, nkafumua mstari huo nkafunga upya nikiwa stendi alfajiri, basi la Songea linaunguruma, mdogo wangu ananiambia kaka acha tu inatosha.

Juzi katuma picha kutoka Makete. Skafu kaizungusha kichwani kama kilemba, shingoni kajifunga kanga ya mama. Nkamuuliza ndo nini sasa, kanijibu kaka huku yanayouma ni masikio.