Kulizunguka Ziwa na Shangazi

Tumerudi Mwanza salama jana jioni, namshukuru Mungu. Shangazi alikuja kutoka Mtwara kutusalimia, akasema anataka kujua hili Ziwa Victoria linaishia wapi. Basi tukaamua kulizunguka lote.

Tulipita daraja la Kigongo–Busisi, pale tulipokuwa tunasubiri kivuko zamani, tukashika njia ya Bukoba hadi mpaka wa Mutukula. Uganda, pale Kayabwe, tulisimama kwenye mstari wa Ikweta. Shangazi akaweka mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini, ameshikilia khanga yake isipeperushwe na upepo wa malori.

Lakini Jinja ndiko alikoniliza. Pale Nile inapotoka ziwani kuanza safari yake ndefu hadi Misri, alichota maji kwa kiganja akayaonja. Amekulia pwani, kwake maji mengi kiasi kile lazima yawe na chumvi. Akanyamaza, kisha akamtaja marehemu babu, aliyefariki bila kuvuka mpaka wowote. "Mwanangu, hapa ningekuja na baba." Sikuwa na la kujibu, nikamshika mkono.

Kenya tuliingilia Busia. Kisumu tukala samaki wa kukaanga na ugali, tukalala, kisha tukatokea Sirari na kupita Tarime kurudi nyumbani. Barabara ni ndefu na magoti yake yanamsumbua, ila hakulalamika hata mara moja.

Leo asubuhi ameshaniuliza meli ya Ukerewe inaondoka saa ngapi.