Kubebwa

Nimerudi Tanga tangu Machi, baada ya miaka 21 Uingereza, na wiki haijaisha barazani wakanipa jina: Mzungu wa Bluu. Kosa langu mwenyewe. Mjomba aliuliza huko nilikuwa chama gani, nami nikajibu kweli: Wahafidhina, wale wa rangi ya bluu.

Kimya. Mmoja akarudisha kashata kwenye sahani.

"Cha Thatcher? Yule waziri mkuu aliyekataa Makaburu wawekewe vikwazo?"

Ndiyo, mjomba, hicho hicho.

Huko si lazima uwe na pasipoti yao ndipo upige kura. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kihalali anachagua hadi mbunge. Kwa hiyo nilianza kuwasikiliza wagombea mapema, na niliowaelewa ni wale waliosema kama bibi yangu. Bibi aliuza maandazi Ngamiani miaka yote, hakukopa unga, na dawa ya deni kwake ilikuwa kulipa kabla hujadaiwa. Jua likuchomozee kitandani? Ungemsikia. Uhafidhina wangu nimeupanda nao ndege, sikuukuta kule. Wenzangu Weusi hawakuamini hata siku moja. Wengine waliniita kibaraka, tena harusini, pilau mkononi.

Kazi yangu chamani ilikuwa kugonga milango. Jioni moja ya mvua nilifunguliwa na mama mmoja wa makamo. Kifuani nina utepe wa bluu mkubwa kama kisahani, mkononi karatasi za mgombea. Akaniangalia, akageuka ndani: "Nani ameagiza chakula?" Hakuwa na ubaya. Alipoelewa aliona haya mpaka masikio yakamwiva, akaniahidi kura, na nadhani alitupigia kweli. Mzee wa Kizungu niliyekuwa naye alicheka njia nzima. Nami nilicheka. Ila yeye amegonga milango miaka 30 na hajawahi kuulizwa habari za chakula.

Kisa hicho sikukisimulia kwenye kikao hata mara moja.

Ulipofika mwaka 2020, George Floyd, Mmarekani Mweusi, ameuawa na polisi Minneapolis, maandamano mpaka London, kila mtu akawa na neno kuhusu nafuu anayozaliwa nayo mtu mweupe. Mwezi Oktoba Kemi Badenoch, mwanamke Mweusi wa chama chetu, wakati huo waziri mdogo, alisimama bungeni akasema serikali haitaki walimu wafundishe jambo hilo kana kwamba halina ubishi. Nilimpigia makofi sebuleni, peke yangu. Mpaka leo naona alikuwa na hoja: mtoto wa Kizungu wa mji wa migodi iliyofungwa, baba hana kazi, ukamwambie amebahatika? Atakuuliza bahati hiyo iko mfuko gani.

Lakini siku chache baadaye jamaa mmoja wa tawini, mtu mwema, alinipigia simu. Anataka nizungumze kwenye mkutano wa mtandaoni. Niseme hiyo nafuu ya weupe haipo. "Sisi tukisema tutaonekana wabaya," akaniambia, "wewe unaweza." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Miaka yote ile nimewaambia watu nihukumiwe kwa hoja, na sasa hoja ni yao, wanachoazima kwangu ni ngozi. Ikiwa rangi haina uzito, mbona walihitaji yangu?

Nilizungumza. Nilisema nusu: ile ya mtoto wa mji wa migodi. Ile ya chakula niliimeza. Wakafurahi sana.

Sasa jaribu kuwaeleza wazee haya kwa Kiswahili. Nikisema upendeleo, wanauliza nani kampendelea nani, maana upendeleo lazima uwe na mwenyewe. Nikawapa visa. Mwaka 1992 chama kilimsimamisha John Taylor, mwanasheria Mweusi, pale Cheltenham, jimbo lao, na baadhi ya wanachama wenyewe wakamkataa hadharani kwa rangi yake. Akashindwa. Mbunge wao wa kwanza Mweusi, Adam Afriyie, alipatikana 2005. Halafu 2022 waziri mkuu ni Rishi Sunak, ambaye mama yake alizaliwa hapa hapa Tanganyika, na Novemba 2024 Badenoch huyo huyo akawa kiongozi wa chama. Mjomba akafikiri.

"Kubebwa," akasema. "Simba na Yanga zinabebwa. Waulize mashabiki wao, watakuapia ni mazoezi tu."

Baraza zima, mashabiki wa Coastal Union, timu ya hapa Tanga, likapiga meza. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu ndilo neno nililolikosa miaka yote, na kwa sababu ya jambo lililonipata Jumanne.

Nilikwenda ofisi moja kufuatilia karatasi ya kiwanja cha marehemu baba. Foleni imetoka mpaka uani. Mlinzi aliniona na koti langu, akanisikia nikiuliza dirisha, akasema, "Bosi, pita huku." Nikapita. Kiti, feni, maji ya chupa. Dakika kumi nimemaliza. Natoka, dada yangu, aliyebaki uani, ananiangalia tu. "Yule mama wa kanga ya kijani," akasema, "yuko pale tangu saa mbili asubuhi." Nikamtazama yule mama kwa mara ya kwanza, ingawa wakati wa kuingia nilikuwa nimeomba njia mbele yake.

Kesho narudi kuchukua nakala. Nimemwambia dada anitafutie kandambili na lile shati la zamani la baba, nipange foleni kama watu.

Amecheka mpaka akakaa chini. "Kaka, vaa chochote. Zitakutaja nyayo."