Siku tuliyosimama Namoratunga

Anko yangu alikuwa anafanya biashara ya samaki wakavu, anatoa Kalokol kando ya Ziwa Turkana anapeleka Kitale, na mwaka wa 2017 nikiwa nimemaliza kidato cha nne na niko tu nyumbani akaniita nikamsaidie kuandika hesabu za magunia. Nilikubali haraka sana mpaka akashuku. Ukweli ni kwamba samaki sikuwa nawajali, mimi nilikuwa nataka kuona mawe.

Unajua nilikuwa nimesoma habari ya hayo mawe ya Namoratunga mpaka nikaota. Iko hivi, ukitoka Lodwar ukielekea ziwani, kabla hujafika Kalokol, kuna nguzo za mawe meusi 19 zimesimamishwa kando ya barabara, na mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwenye jarida la Science kwamba hizo nguzo zinaelekea pale nyota fulani zilikuwa zinachomoza miaka kama 300 kabla ya Kristo. Na si nyota zozote, ni zile Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, wanazifuata kwa kalenda yao, ile ya miezi 12 na siku 354, Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, ikiwa mojawapo. Sasa fikiria mtoto wa miaka 18 anayependa fizikia anaambiwa kuna watu walikuwa wanapima anga huku kwetu Turkana zamani hizo zote. Hiyo stori nilikuwa nimeibeba kichwani kama mali yangu.

Anko yeye alikuwa amepita hapo miaka na miaka na hajawahi kushuka. Nilipomuuliza ni ya nini akaniambia "ni mawe".

Tulitoka Lodwar asubuhi, mimi, anko, dereva, utingo huko nyuma kwa magunia matupu, na mama mmoja mzee wa Kiturkana aliyeomba lifti pale tunavuka kutoka mjini. Alikuwa na shanga shingoni hadi kidevuni na vikapu vya mikoma vingi sana, utingo akavipandisha juu, mama akakaa kati yangu na anko. Lami ilikuwa imebomoka vibaya, dereva saa zingine alikuwa anaacha barabara kabisa anapita mchangani kwa sababu mchanga ndio ulikuwa afadhali. Jua nalo sitaeleza, aliyefika Turkana anajua na asiyefika hataniamini.

Nilikuwa nimepanga vile nitamshawishi anko tusimame hata dakika kumi, nimeandaa maneno na kila kitu, lakini sikupata nafasi ya kuyatumia kwa sababu kabla sijafungua mdomo yule mama alimgonga dereva begani akasema simama hapo. Dereva akasimama. Hata hakuuliza. Anko akapiga mluzi wa hasira akabaki ndani ya kabini na kitabu chake cha madeni.

Sasa kusema ukweli ukiona hayo mawe mara ya kwanza unaweza kuyapita. Sio makubwa. Kama umezoea picha za Stonehenge kule Uingereza, yale mawe yanayomzidi mtu mara mbili tatu, hapa utauliza yako wapi. Mengine yalinifika kiunoni, mengine chini ya hapo, yamesongamana kwa kaeneo kadogo, na hakuna hata moja limesimama wima sawasawa, kila moja limeinama upande wake. Ni basalti, na zile pande zake zilizonyooka hazikuchongwa na mtu, lava ikipoa polepole inapasuka yenyewe ikawa vipande virefu vyenye pembe, kazi ya watu ilikuwa kuvitafuta, kuvibeba na kuvisimamisha. Halafu juu ya nguzo kuna vijiwe vidogo vidogo vimewekwa, vingi, vingine vimeanguka chini, na bado watu wanaendelea kuweka.

Mimi nikatoa simu nikafungua dira. Mpango wangu ulikuwa nipime nguzo moja moja inaangalia wapi halafu jioni nikiwa Kalokol nilinganishe na nyota. Nikaanza na ya pembeni, nikaandika namba. Nikasogea ya pili, mshale ukageuka. Nikarudi ile ya kwanza, ikanipa namba nyingine kabisa. Nikaizungusha simu vile watu hufanya ati kuiamsha, nikaenda mbali kidogo ikatulia, nikikaribia mawe inaanza tena kuyumba. Nikajua simu ni mbovu, ilikuwa ya mkono wa pili na nilishaichoka.

Yule mama alikuwa ameshamaliza shughuli yake. Alikuwa ameokota kijiwe, akakiweka juu ya nguzo moja, akasema maneno machache kwa Kiturkana, basi. Hakupiga magoti, hakuinamisha kichwa, ilikuwa tu kama mtu anayepita kwa jirani anasalimia. Akaja akanisimamia.

"Unapima nini, mtoto wangu?"

Nikamwambia napima vile mawe yameelekea, mama, kwa sababu wasomi wanasema yanaonyesha nyota.

Akaniangalia, akamwita utingo aje atafsiri vizuri kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kinaisha, na hapo ndio nikaisikia ile stori kutoka kwa mwenyewe. Kwamba hawa ni watu. Walikuwa wanacheza ngoma, akaja pepo kucheza nao akawaonya wasimcheke, wakamcheka, wakageuka mawe hapo hapo walipokuwa wamesimama. Ndio maana wameinama hivyo, akasema utingo, si unaona huyu alikuwa anaruka? Na yeye mwenyewe utingo akaokota kijiwe akaweka, kijana wa tisheti ya Arsenal. Nikamuuliza mama kama hao watu walikuwa Waturkana. Wakaongea hapo kidogo na utingo, jibu likarudi fupi: hapana, tuliwakuta.

Hilo jibu nililipita wakati huo. Nilikuwa nataka nyota. Honi ikalia, anko amechoka, tukapanda.

Mwaka uliofuata, 2018, ndio utafiti wa Lothagam ukatoka, na huo nimeusoma kuliko kitabu chochote cha shule. Lothagam iko upande huo huo wa magharibi mwa Ziwa Turkana, kusini zaidi, na ina nguzo za aina hii hii juu ya jukwaa la mawe la upana wa mita kama 30. Mwanaakiolojia Hildebrand na wenzake walichimba sehemu tu ya hapo. Chini walikuta makaburi, na wakakadiria kwamba waliozikwa hapo si chini ya watu 580. Wamezikwa karibu karibu, wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga, kati ya miaka 5000 na 4300 iliyopita. Walikuwa wafugaji wa kwanza kwanza kufika hilo bonde, wakati mvua zilikuwa zinapungua na ziwa linarudi nyuma kwa kasi, na walichimba shimo kubwa kwenye mchanga uliokuwa ufuo wa ziwa wakawa wanazika hapo miaka mamia, lilipojaa wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo.

Kitu kilichonishika ni mapambo. Karibu kila mtu alizikwa na kitu chake. Pete za meno ya kiboko, shanga za mawe ya rangi ya kijani na bluu, na mmoja alikuwa na pambo la kichwa lililotengenezwa na meno ya panya wa jangwani, panya zaidi ya 100 kwa pambo moja, hebu fikiria mtu anakaa chini anayapanga. Lakini hawakuona alama kwamba kuna wakubwa walizikwa pembeni na mali na wadogo wakatupwa kando. Tumezoea kuambiwa kwamba kazi kubwa ya mawe lazima iwe na mfalme anayesimamia na fimbo. Hapo hakuna dalili ya mfalme.

Na Kalokol? Kalokol nayo inahesabiwa kwa familia hiyo hiyo ya nguzo na makaburi, umri wake umevuka miaka 4000, kwa hiyo ile hesabu ya nyota za mwaka 300 kabla ya Kristo imebaki pabaya. Halafu, hii ilinichekesha peke yangu usiku, nikakuta kwamba hata mwaka 1982 mtafiti mwingine, Soper, alirudi kupima upya akasema hayo mawe yenyewe yana sumaku, yanavuruga dira. Simu yangu ilikuwa sawa. Nilikuwa nimeshaiuza kwa bei ya hasara.

Kuna watu husema basi tuachane na nyota, mambo ya Lynch na Robbins yamekufa. Sijui kama nakubali kabisa, mtu anaweza kuzika wafu wake na bado akaangalia Kilimia, hayo mawili hayagombani. Ila nikipewa nichague, siku hizi nachagua makaburi. Na lile jibu fupi la mama nalirudia sana. Waturkana walifika hapo juzi tu ukilinganisha na hayo mawe, hao waliozikwa si babu zao, hakuna anayejua walikuwa wanaongea lugha gani. Na bado mtu anasimamisha lori la watu wengine, kwenye jua lile, ashuke aweke kijiwe kwa watu wasio wake. Stori ya pepo na ngoma labda si historia, lakini nimeona inafanya kazi moja ambayo namba zangu za dira hazikuifanya: inamwambia kila anayepita kwamba hapo ni watu, usifanye fujo.

Tulifika Kalokol saa saba hivi, mama akateremka na vikapu vyake, anko akakataa pesa yake ya nauli, kitu sijawahi kumwona akifanya. Samaki walikuwa bei juu wiki hiyo, tukalala hapo tukingoja boti.

Anko siku hizi ameacha biashara, anakaa nyumbani, na cha ajabu yule aliyekataa kushuka kwa gari ndiye msimulizi mkuu wa Namoratunga kwa familia nzima. Kila mwaka anaongeza kitu. Kwa harusi ya binamu yangu alisema mmoja wao alikuwa ameshika ngoma na ukiangalia vizuri unaiona. Nikamuuliza aliiona lini na yeye alikuwa ndani ya kabini. Akaniambia kutoka kabini ndio inaonekana poa, nyinyi mlikuwa karibu sana.